Kuingia Si Kufaa: Upana wa Tairi na Rimu ya Kiwandani



Katika maduka ya matairi ya Kahama, Shinyanga, Geita na Katoro, wenye magari madogo ya mwendo kasi huuliza swali moja mara kwa mara: je, naweza kufunga tairi pana zaidi kwenye rimu zilezile zilizokuja na gari? Jibu ni kwamba inawezekana, lakini kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho hakiamuliwi na jicho la mnunuzi wala na nguvu ya mashine ya kufungia matairi. Huamuliwa na upana wa rimu.

Baada ya kusoma somo hili utaweza kusoma namba zilizoandikwa kwenye tairi na kwenye rimu, kutambua kama viwili hivyo vinafaana, na kujua mambo ya kudai dukani kabla ya kutoa fedha yako.

Mfano wa kuanzia

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la duka la matairi ataufahamu. Mlaji mmoja wa Kahama amenunua Toyota Altezza aina ya RS200 kwa fedha aliyoikusanya kwa mwaka mzima katika uchimbaji mdogo. Gari hilo liliundwa kwa ajili ya mwendo, na lilitoka kiwandani likiwa na matairi ya kipimo cha 215/45R17 kwenye rimu zenye upana wa inchi 7. Matairi hayo yamechakaa. Muuzaji anamwonyesha matairi manne ya 235/45R17.

"Bosi, hii inaingia bila tatizo," muuzaji anamwambia. "Gari itashika barabara, na itaonekana ya maana."

"Lakini rimu ni zilezile, kaka?"

"Zilezile. Nimeshafunga nyingi tu."

Muuzaji hakusema uongo kuhusu kuingia. Tairi hilo linaweza kuingia, kwa kuwa kipenyo cha ndani cha tairi na cha rimu vyote ni inchi 17. Ila mlaji huyu kila mwisho wa wiki humpakia mke wake na watoto kwenda Nyarugusu na kurudi. Swali linalomhusu ni kama tairi hilo litamfikisha salama, na neno "linaingia" halilijibu.

Namba za tairi zinasema nini

Chukua tairi lenye maandishi 215/45R17 87W. Kila sehemu ina maana yake.

Namba 215 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Namba 45 ni kimo cha ukuta wa tairi kikiwa asilimia ya upana huo; asilimia 45 ya 215 ni takriban milimita 97. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, nayo ndiyo aina inayotumika kwenye karibu magari yote madogo ya siku hizi. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba 87 ni alama ya uzito, nayo haisomwi kama kilo 87. Inatafsiriwa kwa orodha ya kimataifa: 84 ni kilo 500 kwa tairi moja, 87 ni kilo 545, 91 ni kilo 615 na 94 ni kilo 670. Herufi ya mwisho ni ya kasi ya juu kabisa ambayo tairi limetengenezwa kuihimili: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240 na W ni 270. Namba hizo si ruhusa ya kukimbia. Tairi lenye herufi kubwa zaidi huwa limeundwa kustahimili joto zaidi, na joto ndilo adui mkuu wa tairi.

Ukutani pia utaona alama ya DOT ikifuatiwa na herufi na tarakimu. Tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzima, yaani uso wake haujaliwa kabisa, na bado likawa limezeeka kwa kukaa ghalani au juani.

Namba za rimu zinasema nini

Rimu nayo ina maandishi, ambayo mara nyingi huwa upande wa nyuma, kwenye mikono yake au karibu na kitovu. Maandishi kama 17×7J au 17×7JJ yana maana ya kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 7. Upana huo hupimwa ndani ya kingo, mahali tairi linapokaa. Ukipima kwa rula kutoka nje hadi nje utapata namba kubwa zaidi, nayo itakupotosha.

Pengine utaona pia namba kama 50 au ET50. Hiyo huonyesha umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya rimu na uso unaobanana na gari. Ndiyo inayoamua rimu itaingia ndani kiasi gani au itachomoza nje kiasi gani.

Kipi kinaruhusiwa

Viwanda vya matairi vina viwango vya pamoja vinavyotaja upana wa rimu unaokubalika kwa kila kipimo cha tairi. Kwa vipimo vinavyohusu mfano wetu, mipaka ni hii:

- 215/45R17: rimu ya inchi 7 hadi 8.
- 225/45R17: rimu ya inchi 7 hadi 8.5.
- 235/45R17: rimu ya inchi 7.5 hadi 9.
- 245/40R17: rimu ya inchi 8 hadi 9.5.

Kwa mwenye rimu ya inchi 7, basi, hatua moja tu ya kupanua iko ndani ya kanuni: kutoka 215 hadi 225, tena 225 inakuwa kwenye kikomo chake cha chini. Tairi la 235 na la 245 yako nje ya kanuni, hata kama fundi anaweza kuyafunga. Kabla ya kununua tairi lolote, mwombe muuzaji akuonyeshe jedwali la kiwanda kilicholitengeneza. Jedwali hilo ndilo lenye neno la mwisho kuhusu rimu inayokubalika kwa tairi hilo.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Upana ulioandikwa kwenye tairi ni ule unaopatikana likifungwa kwenye rimu ya kipimio, ambayo kwa 225/45R17 ni inchi 7.5 na kwa 235/45R17 ni inchi 8. Rimu ikipungua nusu inchi, tairi hubanwa na hupoteza takriban milimita 5 za upana wake. Kwa hiyo 225 kwenye rimu ya inchi 7 huwa karibu na milimita 220, na 235 kwenye rimu hiyohiyo hubaki na takriban milimita 225. Mlaji wa mfano wetu angelipia 235 na kuondoka na upana wa 225, tena katika umbo ambalo mtengenezaji hakulikusudia.

Tairi likizidi rimu

Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba, kingo zake huvutwa kuelekeana na kuta zake huvimba kwa nje. Uso unaokanyaga barabara, badala ya kuwa bapa, hujikunja kama mgongo wa kobe. Katikati hukanyaga kwa nguvu na kuliwa haraka, huku mabega yakigusa ardhi kidogo. Mshiko uliotafutwa hupungua.

Dereva akiliona hilo huambiwa apunguze upepo ili uso ulale. Hapo ndipo hatari huongezeka. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, na kujikunja huko huzaa joto. Safari ya Kahama hadi Shinyanga ni zaidi ya kilomita 100. Kwa gari lililojaa abiria wakati wa jua la mchana, joto hilo linaweza kutenganisha tabaka za ndani za tairi hadi likapasuka.

Zaidi ya hayo, ukingo wa tairi wenye waya za chuma haukai kwenye rimu kwa mkao uliokusudiwa. Ukikata kona kwa ghafula ili kumkwepa mwendesha baiskeli au ng'ombe, kuta zilizovimba hulala upande mmoja na usukani huitika kwa kuchelewa. Upepo ukiwa pungufu, ukingo unaweza hata kuchomoka kwenye rimu.

Barabara zetu

Ushauri unaotolewa kwa wenye magari ya aina hii katika nchi zenye lami laini kila mahali hautufai wote. Barabara kuu ya Tinde, Isaka, Kahama na Ushirombo hubeba malori mazito yaendayo Rwanda na Burundi, na pale malori yanapochimba njia za magurudumu kwenye lami, tairi pana huelekea kuzifuata. Dereva huhisi usukani ukivutwa bila yeye kuugeuza.

Nje ya lami hali ni tofauti tena. Barabara za kwenda machimboni zina changarawe, mawe yenye ncha na mashimo yaliyofichwa na vumbi. Ukuta wa tairi la 215/45R17, kama tulivyoona, una milimita 97 tu. Ule wa tairi la kawaida la 195/65R15 una takriban milimita 127. Ukuta mfupi una nafasi ndogo ya kumeza pigo la shimo, na pigo lililobaki hupokelewa na rimu. Ukiongeza upana huku ukipunguza namba ya kimo, kwa mfano kutoka 45 hadi 40, haupati kinga yoyote ya ziada dhidi ya shimo.

Wakati wa mvua kati ya Novemba na Aprili, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma pembeni. Likishindwa, huelea juu ya maji, na gari hupoteza usukani na breki kwa muda. Tairi jembamba kidogo lenye kashata nzima ni salama zaidi katika hali hiyo kuliko tairi pana lenye kipara. Angalia vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji ya tairi: uso ukiliwa hadi kulingana navyo, kashata imebaki milimita 1.6 na tairi limefika mwisho wake.

Kipenyo, spidomita na magurudumu manne

Tairi likiongezeka upana bila kubadili namba ya kimo, huongezeka pia urefu wa kwenda juu. Tairi la 215/45R17 lina kipenyo cha takriban milimita 625. La 235/45R17 lina milimita 643. Tofauti ni karibu asilimia 2.9. Kama spidomita ilikuwa sahihi, itakapoonyesha kilomita 80 kwa saa gari litakuwa likienda kilomita 82.3. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye eneo la makazi lenye kikomo cha 50 ni vyema kuikumbuka. Milimita 9 zilizoongezeka upande wa juu, pamoja na upana ulioongezeka, zinaweza pia kulifanya tairi kukwaruza madigadi au shokapu.

Wauzaji wengine watakupa 245/40R17 wakisema kipenyo ni kilekile. Kuhusu kipenyo wanasema kweli, kwani tofauti yake na cha kiwandani haifiki nusu asilimia. Lakini kama jedwali lilivyoonyesha, tairi hilo linataka rimu isiyopungua inchi 8. Kufaulu kipimo kimoja hakufuti kushindwa kingine.

Wenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama Subaru Impreza nyingi, wawe waangalifu zaidi. Matairi yote manne yawe na kipimo kimoja na yasitofautiane sana kwa kuchakaa. Vipenyo vikitofautiana kati ya mbele na nyuma, mtambo wa katikati unaogawa nguvu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, na gharama ya kuutengeneza hupita bei ya matairi.

Ukitaka upana zaidi

Ikiwa bado unahitaji tairi pana kuliko rimu inavyoruhusu, njia halali ni kubadili rimu pia. Hakikisha upana wake, namba ya ET, tundu la kitovu na mpangilio wa nati vinalingana na gari lako. Altezza ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, ilhali Impreza nyingi za zamani zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Rimu ya gari moja isilazimishwe kwenye jingine.

Usinunue rimu ya aloi iliyopasuka na kuchomelewa. Rangi mpya huficha ufa, na sehemu iliyochomelewa inaweza kuachia katika pigo linalofuata. Vilevile usikubali kuwekewa vipande vya chuma nyuma ya rimu ili tairi lisikwaruze, kwani kasoro ya kipimo hubaki palepale huku mzigo wa boliti na beringi ukiongezeka.

Kwa walio wengi, fedha iliyotengwa kwa ajili ya upana itafanya kazi bora zaidi ikinunua tairi jipya, imara, la kipimo cha kiwandani.

Haki zako dukani

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na inataka bidhaa ifae kwa matumizi ambayo mlaji ameyaeleza kwa muuzaji. Kwa hiyo eleza matumizi yako waziwazi: aina ya gari, upana wa rimu, idadi ya watu unaowabeba na barabara unazopita. Ukinyamaza, unajinyima nguvu ya kudai baadaye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki ya EFD, na omba kipimo kamili cha tairi na kipimo cha rimu viandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi yenye mhuri wa duka. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa kuandika kile alichokitamka amekwisha kukujibu.

Tatizo likitokea, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti, picha za tairi na tairi lenyewe. Usilitupe wala kuliacha gereji, kwa sababu ndilo ushahidi wako. Msipoelewana, peleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Ukiwa na shaka kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Soma pia mkataba wako wa bima, au muulize wakala wako kwa maandishi kama mabadiliko ya matairi na rimu yanapaswa kutolewa taarifa.

Hatua saba kabla ya kulipa

1. Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwenye magari yaliyotoka Japani maneno yake ni ya Kijapani, lakini vipimo vya matairi na upepo vinasomeka. Upepo ukiandikwa kwa kPa, kumbuka kwamba 220 kPa ni takriban psi 32.
2. Soma upana wa rimu nyuma yake, usikisie.
3. Linganisha na jedwali la kiwanda cha tairi.
4. Hakikisha alama ya uzito haipungui ile ya kiwandani.
5. Soma tarehe ya kutengenezwa.
6. Baada ya kufungwa, paka watu na mizigo ya kawaida yako, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Sikiliza na uangalie kama kuna mahali panapokwaruza.
7. Fanya balansi na alaimenti, na pima upepo asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi.

Maswali ya kujipima

*Swali la 1.* Rimu yako ni 17×7.5J. Je, tairi la 235/45R17 linaruhusiwa?
*Jibu.* Ndiyo, kwenye kikomo chake cha chini. Bado unapaswa kuangalia kukwaruza, alama ya uzito na kipenyo.

*Swali la 2.* Tairi lina tarakimu 3620 mwishoni mwa alama ya DOT. Lilitengenezwa lini?
*Jibu.* Wiki ya 36 ya mwaka 2020.

*Swali la 3.* Gari lilitoka na tairi la 87W. Unapewa 84H la bei nafuu. Utalikubali?
*Jibu.* Hapana. Kila tairi lingepoteza kilo 45 za uwezo wa kubeba, na uwezo wake wa kuhimili kasi na joto ungepungua.

*Swali la 4.* Mlaji wa mfano wetu afanye nini?
*Jibu.* Anunue 215/45R17, au 225/45R17 baada ya kuhakikisha haikwaruzi. Matairi ya 235 ayaache dukani, kisha aende Nyarugusu na familia yake kwa matairi yanayolingana na rimu zake.